Mwaka wa mwanagenzi, na mabenchi tuliyoyakalia bila kulipa



Ijumaa hii, Mei Mosi, tunaadhimisha Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Sikukuu yenyewe si ya zamani sana. Papa Pius XII aliiweka mwaka 1955, wakati wafanyakazi wa nchi nyingi walikuwa tayari wakiandamana siku hiyo na mabango yao, naye hakutaka Kanisa libaki likichungulia dirishani. Yosefu ana sikukuu nyingine, ile ya Machi 19, ambayo ni ya mume wa Maria. Hii ya Mei ni ya yule mwenye msumeno.

Ili kujiandaa, Jumanne nilikwenda Kilakala, kwenye karakana ya seremala ninayemfahamu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Kilele cha Bondwa hakikuonekana kabisa, na maji ya mlimani yalikuwa yanateremka mtaroni yakiwa mekundu kwa udongo. Ndani ya banda, vijana wanne, mmoja wao msichana, walikuwa wameketi juu ya mbao, kila mmoja na patasi yake. Kazi ya mteja haikuwepo hata moja. Umeme nao ulikuwa umekatika. Nikampa fundi pole. Akacheka.

"Padre, hii ndiyo miezi ya shule. Kiangazi hakuna anayefundishwa hapa, kiangazi tunakimbizana tu."

Nilikuwa nimekwenda na mahubiri yangu ya Yosefu kichwani. Nikayaweka pembeni, nikamwomba anisimulie mwaka wake wote, kuanzia Januari. Tulikaa hadi saa nane mchana.

Januari ndipo vijana wanapokuja, na wengine hufuata Februari, baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka. Neno rasmi la kijana wa namna hii ni mwanagenzi. Mtaani anaitwa saidia fundi, au "dogo" tu. Huja na mzazi, lakini hapa kwetu Uluguruni mara nyingi huja na mjomba, kwa sababu Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na mjomba ana neno lake juu ya mtoto wa dada yake. Mjomba hukaribishwa benchi, husalimia kwa kirefu, kisha husema: "Fundi, huyu sasa ni kijana wako." Makubaliano huchukua nusu saa. Atakaa miaka miwili au mitatu. Atakula wapi mchana. Atalala kwa nani, kama anatoka Kinole au Matombo. Mwishoni atapewa nini. Karibu kila mara hakuna kinachoandikwa.

Na wengi huingia na uso wa mtu aliyeshindwa. Kilakala ni mtaa wa shule. Ipo hapo Sekondari ya Wasichana ya Kilakala, iliyoanzishwa na Masista wa Maryknoll kwa jina la Marian College, kisha ikataifishwa, na hadi leo mzazi wa Morogoro akitaka kumtia binti yake moyo humtajia shule hiyo. Januari hiyo hiyo fundi bati jirani yake huwa anapiga matranka ya wanafunzi wanaokwenda bweni, na vijana wapya wa seremala huitwa kumsaidia. Kijana aliyepata sifuri anafunga komeo kwenye tranka la mwenzake aliyefaulu. Hakuna anayemwambia neno, na hakuna haja.

Huyo ningependa asomewe Yoshua bin Sira, sura ya 38, kuanzia aya ya 24. (Ndugu zetu wa makanisa mengine hawana kitabu hiki katika Biblia zao nyingi, waazime kwa jirani Mkatoliki.) Sira anamtaja mkulima na ng'ombe wake, mchonga mihuri, mhunzi anayekaangwa na moto, mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa miguu. Anakiri kwamba hawa hawaitwi mbele kwenye mabaraza ya wakubwa. Lakini anasema bila wao hakuna mji unaokalika, na kwamba sala yao imo ndani ya kazi yao. Sira mwenyewe alikuwa mtu wa vitabu, na hafichi kwamba aliiona kazi yake kuwa bora zaidi. Ndiyo maana ushuhuda wake nauamini.

Wiki za kwanza mwanagenzi hafundishwi useremala. Anafagia vumbi la mbao, anatumwa chai, anaokota misumari iliyopinda na kuinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Fundi anasema hapo ndipo anapomjua mtu. Anayenyoosha msumari hadi ukanyooka kweli atakuwa fundi. Anayeupiga mara mbili na kuutupa kwenye kopo, huyo kazi ipo. Baadaye hupewa msumeno na ubao wenye mstari wa penseli, akate bila kuuacha mstari. Hukata kwa majuma.

Kisha mvua. Masika haya ya Machi hadi Mei humkosesha fundi fedha, na humpa wanafunzi. Ubao hauna haraka ya kukauka, na aliyejifunza kwa pupa atakiona Agosti. Mbao za msindano kutoka Sao Hill au mtiki wa Mtibwa, zikiungwa zikiwa na unyevu, zikija kukauka kiangazi kiungo hufungua mdomo, na kabati la harusi huanza kulia usiku. Kwa hiyo miezi hii hawaungi sana. Wananoa. Wanachonga tundu na ulimi wake hadi viingiane bila msumari, wanavitoa, fundi anavitazama kwenye mwanga wa mlango, anavitupa kwenye kuni, wanaanza tena. Nilimtazama yule msichana akichonga ulimi kwa mara ya tatu. Hakunisalimia mpaka alipomaliza, na sikuona kosa.

Aprili pia ni mwezi wa njaa. Wale wa milimani hupanda kwao Jumamosi kusaidia palizi, wakarudi Jumatatu na mkungu wa ndizi, nao ndio chakula cha banda zima kwa siku tatu.

Juni mambo hubadilika ghafla. Mazao yameuzwa, watu wanajenga, kila mtu anataka fremu, milango, kenchi, na anazitaka Ijumaa. Hapo hakuna kuelezwa. Kijana hujifunza kwa kutazama mkono wa fundi, kama bado ana nguvu za kutazama. Fundi alinionyesha kidole chake cha shahada ambacho hakina ncha. "Hiki ni cha Agosti," alisema, kana kwamba Agosti ni mtu. Mwezi huo huo kuna Nane Nane, na kwa kuwa viwanja vya Kanda ya Mashariki viko hapa hapa Morogoro, vijana hupewa nusu siku. Hurudi wakizungumza juu ya mashine za kuranda zinazouzwa kwa bei ambayo karakana nzima haijawahi kuiona kwa mwaka.

Septemba na Oktoba ni harusi, vitanda na makabati. Sina la kuongeza; mnajua wenyewe tunavyochanga.

Lakini ipo kazi isiyo na msimu. Nilimuuliza ni lini kijana huacha kuwa saidia fundi, nikidhani atataja kabati, au mlango wa kuchonga. Akasema: siku ya jeneza la kwanza. Jeneza huagizwa saa moja jioni na hutakiwa saa mbili asubuhi. Ndugu wa marehemu wanakaa nje wanasubiri, wakati mwingine wanalia, na kijana lazima apime bila kuuliza mara mbili. Mwaka juzi kijana wake mmoja, mwenye miezi minane tu kazini, alitengeneza la mtoto wa miaka miwili usiku kucha kwa taa ya simu. Alipiga msasa hadi ndani. Fundi alimwambia ndani hakuna anayepaona. Kijana akajibu kwamba mtoto atalala ndani. Fundi akanyamaza, akamwacha amalize.

Nimezika watoto wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Jeneza nimelinyunyizia maji ya baraka, nimelifukizia ubani, na sijawahi kujiuliza nani amelipiga msasa.

Desemba ndiyo hesabu. Aliyemaliza muda wake hupewa vifaa: randa, msumeno, nyundo, patasi tatu, futi ya kupimia. Mjomba huja tena, hushukuru, na kijana huondoka akiwa fundi mwenye sanduku lake. Vifaa hivyo ndivyo cheti chake. Siku hizi, namshukuru Mungu, ipo na njia ya cheti cha karatasi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, humpima hata aliyejifunzia mtaani na kuutambua ujuzi wake, wanaita urasimishaji. Ipo pia programu ya serikali ya kukuza ujuzi, inayowalipia vijana mafunzo ya uanagenzi vyuoni, vikiwemo vya Don Bosco. Wenye vijana nyumbani, ulizeni kwenye chuo kilicho karibu nanyi. Msisubiri tangazo la kanisani.

Kwa kuwa nimemtaja Don Bosco, nieleze kidogo. Watu wanamkumbuka kwa mpira na muziki. Mimi namheshimu kwa karatasi moja. Tarehe 8 Februari 1852, mjini Torino, Italia, alisimamia mkataba wa uanagenzi wa kijana aliyekuwa chini ya uangalizi wake, ukaandikwa kwenye karatasi yenye muhuri wa serikali, na bado umetunzwa. Fundi alikuwa seremala Giuseppe Bertolino, kijana aliitwa Giuseppe Odasso. Giuseppe ni Yosefu. Wote wawili walikuwa akina Yosefu. Mkataba ulimtaka fundi amfundishe kijana ufundi wote, asimpe kazi zilizo nje ya ufundi huo wala zinazozidi nguvu zake, amrekebishe kwa maneno na si kwa namna nyingine, amwachie sikukuu ziwe zake. Na malipo yalipangwa kupanda kadiri kijana anavyoendelea. Kila upande ulitia sahihi, na padre akiwemo, kwa sababu alijua ahadi ya mdomo humwelemea yule mdogo.

Sisemi kwamba Kanisa lilianza kujua ufundi Torino. Hapa kwetu mapadre waliofika Zanzibar mwaka 1860 walianzisha karakana karibu sawia na hospitali, na Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua Bagamoyo mwaka 1868 waliwafundisha watoto waliokombolewa utumwani useremala, uhunzi na uashi. Kutoka huko ndiko walikopanda hadi chini ya milima hii katika miaka ya 1880. Ni jambo la kujivunia, ila nisiwadanganye: watoto wale hawakuulizwa wanataka nini, na hapakuwa na mjomba wa kukaa benchi na kuwasemea. Fundi, mlezi, mwajiri na padre walikuwa mtu mmoja. Mtu mmoja akishika vyote hivyo, mtoto akidhulumiwa atamwendea nani?

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Miaka kama kumi na miwili iliyopita nilikuwa paroko katika parokia ambayo sitaitaja, kwa sababu waumini wake hawakukosa lolote. Niliyekosa ni mimi. Kwaresima ile tuliagiza mabenchi thelathini kwa fundi huyu huyu, yawe tayari kwa Pasaka. Tulitoa nusu ya fedha. Walifanya kazi usiku, katika mvua kama hii, na Jumamosi Kuu jioni mabenchi yakaingia kanisani yakinukia vanishi. Nilitangaza pongezi, watu wakapiga vigelegele. Nusu iliyobaki tulisema tutaimalizia baada ya mavuno. Mavuno yakaja, tukanunua vipaza sauti. Askofu akaja kutoa Kipaimara, tukapaka rangi ukuta. Kila hundi niliisaini mimi. Desemba ikapita. Tulimaliza deni Kwaresima iliyofuata, na nakumbuka nilijisikia vizuri siku ile, kama mtu mwaminifu.

Jumanne hii, katika kusimuliwa Desemba, nikamkumbuka kijana mmoja mrefu wa Kinole aliyechonga misalaba kwenye ncha za mabenchi yale. Misalaba midogo, safi, hakuna miwili iliyopishana. Nikauliza yuko wapi.

Fundi alichukua muda kunijibu. Alichezea penseli.

"Yule alikuwa amalize Desemba ile, Baba. Sikuwa na fedha ya vifaa vyake. Nikamwambia avumilie hadi Pasaka. Alivumilia hadi Februari. Siku moja hakuja."

Nikamuuliza kwa nini hakunidai.

"Baba, nani anakwenda kudai kanisa?"

Vijana wale wanne waliendelea kunoa kana kwamba hawasikii.

Torati inataka mfanyakazi alipwe kabla jua halijachwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake uko kwenye ujira huo (Kum 24:15). Mtume Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika kwa Bwana (Yak 5:4). Nimeihubiri aya hiyo ya Yakobo sijui mara ngapi, na kila mara nilikuwa nawatazama wenye fedha waliokaa benchi la mbele. Benchi lenyewe lilikuwa halijalipwa.

Nilidhani deni lile lilikuwa kati yangu na fundi, watu wazima wawili wanaoheshimiana na wanaoweza kuvumiliana. Sikujua kwamba kwenye karakana fedha ya mteja ina ratiba yake. Fedha ya kiangazi ndiyo mbao za harusi, na fedha ya harusi ndiyo sanduku la Desemba la kijana anayemaliza. Ukiichelewesha mahali popote, ahadi aliyopewa mjomba Januari inavunjikia Desemba, na anayevunjikiwa ni yule ambaye jina lake hukuwahi kulijua. Mimi jina lake nililijua. Nilimbatizia mdogo wake.

Wapo pia mafundi wanaomweka kijana mwaka wa nne na wa tano kwa kisingizio kwamba "bado hajaiva", kwa sababu ameiva na hawataki kumlipa. Hao nao nawajua, na wanajua kwamba nawajua. Na wazazi, mkimpeleka kijana kwa fundi, andikeni: muda, chakula, malipo, vifaa vya mwisho. Katekista au mwenyekiti wa jumuiya awe shahidi. Si kumkosea fundi heshima. Fundi mwema karatasi itamlinda yeye pia siku mteja wake, tuseme paroko, atakapochelewa.

Parokiani kwetu nimeiomba Halmashauri Walei iniletee kabla ya Alhamisi orodha ya kila fundi tunayemdai kazi na kila fundi anayetudai fedha. Ya kwanza walikuwa nayo tayari. Ya pili wameanza kuiandika. Nawaomba nanyi mfanye hivyo nyumbani: mlango uliotundikwa, sare ya Komunyo ya kwanza iliyoshonwa, pikipiki iliyotengenezwa. Kama kuna salio, Ijumaa isiwakute nalo.

Fundi alinipa namba ya yule kijana. Ana miaka zaidi ya thelathini sasa, anaendesha bodaboda Msamvu. Nilimpigia jana jioni. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za afya, akaniambia ana watoto wawili. Nikamweleza kilichotokea, na kwamba nadhani nina deni lake la vifaa vya useremala, randa na patasi na vyote. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Padre, sasa hivi nina abiria." Nitampigia tena leo baada ya Misa ya pili.

Misa ya Mei Mosi itakuwa saa moja asubuhi. Mafundi wote mje na vifaa vyenu tuvibariki: seremala, waashi, washonaji, mafundi umeme, mafundi magari, wasusi. Wanagenzi wakae mbele.